Mkeka wa Alhamisi

Jumatatu, 4 Machi 1957

Siku ya pili ya kumfukiza. Chungu kikubwa, majani ya mwarobaini, mrihani, magome ya mkwaju. Nimemkalisha binti yangu Rehema kwenye kigoda, chungu kati ya miguu, blanketi mbili juu. Ametoka anatiririka jasho na miguu imekataa kabisa. Nimembeba mgongoni mpaka kitandani kama alipokuwa mdogo. Ni mzito. Ana miaka ishirini na sita.

Ugonjwa unatoka. Bibi aliyenipa majani alisema ukiwa unatoka hupigana kwanza. Siku saba za kufukiza, siku saba za kupumzika, kisha tena.

Nimeongeza kuni.

Jumatano, 6 Machi

Leo jicho la kushoto limeingia giza tena baada ya mvuke. Likarudi mchana. Nilipiga magoti nikashukuru. Ugonjwa unapigana, naona.

Naandika ili nikumbuke ilivyoanza. Kwanza lilikuwa jicho hilo hilo, mwaka juzi, akiwa bado kwa mumewe, kijijini Ngao. Giza mwezi mzima, kisha likafunguka lenyewe. Tukasahau. Kisha siafu miguuni, na siafu hawapo. Kisha akaanguka na mtungi. Akakaa wiki sita hatembei. Siku moja akaamka akatembea mpaka mtoni, kijiji kizima kikamwona. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mtu akiumwa moja kwa moja watu humwonea huruma. Akiumwa leo na kesho akapona na keshokutwa akaumwa, wanamwita mvivu.

Yona mumewe alimrudisha kwangu mwaka jana, mpunga ukiwa umekwisha vunwa. Mtoto wakamzuia huko. Tumaini, ana miaka minne.

Mimi nimesoma darasa la pili tu, misheni. Daftari hili lilikuwa la marehemu mume wangu. Zamani sikuhitaji daftari, nilikuwa na watu wa kuwaambia.

Jumamosi, 9 Machi

Siku ya mwisho ya mvuke, awamu hii. Rehema aliniomba tuache leo. Nikamwambia vumilia mwanangu, imebaki moja. Akavumilia.

Wifi yangu Salome alipita na mtungi. Hakuingia. Alisimama kwenye ua akasema mwezi uliopita, wakati wa kuamia ndege, kila msichana wa hapa Idsowe alikuwa juu ya dungu anatupa mawe, na Rehema amelala. Nikasema anaumwa. Akasema, "Anaumwa wakati wa kazi, wakati wa ngoma anapona."

Hajacheza ngoma hata moja. Nilitaka kumwambia hivyo.

Wanawake wa huku wamehamisha mahali pao pa kuteka maji. Wamesogea juu kidogo, karibu na migomba ya Salome. Nateka peke yangu.

Alhamisi, 14 Machi

Habari kutoka Ngao, imeletwa na watu wa mtumbwi. Mama Yona anasema mvua zikipungua atakuja mwenyewe kuangalia. Akimkuta Rehema anatembea, atarudi kwa mumewe na mtoto wake. Akimkuta amekaa, basi. Yona ataoa, Tumaini atalelewa huko huko.

Nimehesabu. Labda miezi mitatu.

Rehema alichukua kigauni cha Tumaini cha zamani akakikunja, akakikunjua, akakikunja.

Jumapili naanza tena mvuke. Safari hii mara mbili kwa siku.

Jumatatu, 18 Machi

Tumekwenda hospitali ya misheni. Kaka yangu Jilo ametupeleka kwa mtumbwi, Rehema amelala katikati juu ya majani ya mgomba. Jua kali. Tulipofika hakuweza hata kushika kikombe.

Bwana Daktari alimchoma nyayo kwa pini. Akamwangalia macho kwa tochi. Akampiga magoti kwa kinyundo kidogo, mguu ukaruka wenyewe, sisi wote watatu tukashtuka. Dresa, msaidizi wake wa kufunga vidonda, alikuwa anatafsiri. Ni ugonjwa wa mishipa ya ndani, ile inayopeleka habari kutoka kichwani mpaka mguuni. Hauambukizi. Haukuletwa na mtu. Unakuja, unakwenda, unarudi. Dawa hakuna.

Dresa akauliza, "Nyumbani mnampa dawa gani?"

Nikasema, "Hakuna. Maombi tu."

Rehema aliniangalia. Mimi nikaangalia sakafu. Mwaka juzi wazee wa kanisa walimtenga mama mmoja miezi sita kwa ajili ya majani kama haya, wakayaita uganga. Alikaa nje ya mlango wakati wa meza ya Bwana, na kila mtu akapita mbele yake. Sina watu tena. Nikitengwa na kanisa nitabaki na nini.

Tulipokuwa tunatoka, Sista mmoja Mzungu alitufuata. Anajua Kiswahili kidogo. Alisema kwao Ulaya wenye ugonjwa huu wana chama. Wagonjwa na mama zao na waume zao. Wanakutana, wanakunywa chai, wanaambiana. Wenye uwezo wanachanga, wanawanunulia wengine viti vya magurudumu. Atawaandikia barua kwa ajili yetu. Nikasema asante. Moyoni nikasema, chai ndiyo dawa?

Mtumbwini nikamwambia Rehema hivyo. Akacheka, mara ya kwanza siku nyingi. Akasema, "Mama, chai tunayo, ugonjwa tunao. Tumekosa wenzetu tu."

Dresa alinong'ona jambo lingine. Yuko mama wa Kilelengwani, Bi Zena, mtoto wake wa kiume ana ugonjwa huo huo, Daktari ndiye aliyesema. Huja Garsen na lori kila Alhamisi kuuza samaki wakavu, barazani kwa Abdi.

Jumapili, 24 Machi

Mvuke asubuhi na jioni, siku nane sasa. Anazidi kudhoofika. Leo hakuweza kugeuka kitandani mwenyewe mpaka jua liliposhuka. Nimelia jikoni ili asinisikie.

Sikwenda kanisani.

Alhamisi, 28 Machi

Nimekwenda Garsen. Rehema nimemwacha na Jilo. Nilichukua mkeka wangu mpya, wa kukalia, maana sikutaka kwenda kwa mtu nisiyemjua nikasimama kama mdai.

Abdi ni Msomali, duka lake liko karibu na kivuko. Aliponiona na mkeka akauliza, "Mama, unauza au umehamia?" Nikamwambia namtafuta Bi Zena. Akasema, "Fuata harufu."

Mwanamke mwembamba, buibui limepauka, amekaa kati ya makanda ya papa mkavu. Nikatandika mkeka mbele yake. Sikujua nianze wapi. Nikasema, "Mimi mwanangu naye miguu."

Aliacha samaki wake, akaja akakaa kwenye mkeka. Akaniuliza jicho lilianza lini.

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza jicho lilianza lini.

Tulizungumza mpaka lori lilipopiga honi. Mwanawe anaitwa Shee, ana miaka thelathini, alikuwa seremala. Kwao pia wanasema anajifanya. Kwao pia siafu wasiokuwepo. Nilikuwa nasema neno nusu, yeye analimaliza. Nilisikia raha mpaka nikaona haya.

Kisha akasema, "Wangu mimi yuwa likimpata, kwisha. Moto wa jikoni, kwisha. Hata maji ya kuoga yakiwa na uvuguvugu." Yeye husema yuwa, kwetu ni jua. Akasema mtoni hamtii, mamba. Kwa hiyo alichukua mtumbwi mbovu, akauweka kivulini, akaujaza maji ya mto. Adhuhuri Shee hulala humo, kichwa tu kiko nje. Akitoka anashika kikombe. Siku nyingine anashika na msumeno.

Akaniuliza, "Nawe, mchana wamweka wapi wako?"

Nikasema kivulini.

Chungu sikukitaja. Niliangalia mikono yangu. Ina harufu ya mwarobaini, haitoki hata kwa sabuni. Sijui kama aliisikia.

Tumepatana tuwe tunakutana Alhamisi. Lakini mwezi wa mfungo unaanza wiki ijayo, hatakuja mpaka baada ya Idi.

Ijumaa, 29 Machi

Sikuwasha moto.

Chungu nimekimwaga nyuma ya nyumba.

Jumapili, 31 Machi

Siku mbili bila mvuke. Leo ameketi mwenyewe. Jicho limefunguka.

Mimi ndiye niliyekuwa namwangusha. Kwa mikono yangu. Asubuhi na jioni, na kuni nilizoziokota mwenyewe, na dua juu yake. Daktari aliuliza nikamficha. Laiti ningesema neno moja.

Nilimwambia Rehema baada ya kula. Nilijaribu kueleza kwa utaratibu, habari ya Bi Zena, ya mtumbwi, ya joto. Nilipofika kwenye chungu nikaanza kukusanya vyombo.

Akasema, "Nilijua, Mama."

Nikamwuliza alijua nini.

"Kwamba ule mvuke ndio unaoniangusha. Nilijua tangu siku ya pili."

Mbona hukusema? Nikamwuliza hivyo, karibu nimkemee.

Alichomoa ukindu kwenye mkeka. Akasema ile ndiyo ilikuwa saa pekee katika siku ambayo mimi silii. Nilikuwa nachochea moto na kuimba.



Jumamosi, 6 Aprili

Jilo ametupa mtumbwi wake wa zamani, ule uliooza omo, upande wa mbele. Akauliza wa nini. Nikamwambia wa kuogea. Alinitazama kama nimechanganyikiwa, lakini akaziba tundu kwa udongo na magome, akauburura mpaka chini ya mkuyu. Nimejaza maji, mitungi kumi na minne. Mgongo hauna habari yangu.

Adhuhuri nikamwingiza Rehema. Akashusha pumzi mpaka nikaogopa.

Salome akapita. "Wifi, unamlowanisha kama mbegu ya mpunga?"

Rehema akamjibu kutoka ndani ya maji, "Nikiota mizizi nitakuita, shangazi."

Salome akacheka. Hakutaka, lakini akacheka. Akaenda zake.

Jumapili, 21 Aprili. Pasaka

Nilikwenda kwa mzee wa kanisa kabla ya ibada, nikamwambia habari ya majani yote. Sikutaka kulala nayo tena. Amenitenga miezi mitatu. Nimekaa nje ya mlango. Walipokuwa wanatoka hakuna aliyesimama. Nyimbo zilikuwa nzuri hata kwa nje.

Rehema leo ametembea kutoka mlangoni mpaka mkuyuni kwa fimbo. Kabla jua halijapanda. Hatua ishirini na mbili.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimekwenda Garsen ingawa najua ni mfungo. Nilitandika mkeka pale pale. Abdi akasema, "Mama, hayupo, ni mfungo." Nikamwambia najua. Nimekaa kidogo, nikarudi.

Alhamisi, 9 Mei

Idi imepita. Nilifika mapema, na ndizi mbivu kwa ajili ya Shee. Mto umejaa, barabara ya upande wa chini imekatika, lori halikuja. Nilingoja mpaka ndizi zikaanza kuita nzi. Watu wananiangalia. Mwanamke na mkeka na ndizi, hauzi.

Nilikuwa nimepanga maneno. Nilitaka kumwambia Bi Zena habari ya chungu. Nilitaka mtu mmoja anayejua ugonjwa huu aniambie mimi ni mama mbaya au si mbaya.

Ndizi nimempa mvuta kamba wa kivuko.

Jumamosi, 18 Mei

Maji yamefika kwenye mpunga. Vizuri kwa mpunga. Joto limepungua, Rehema ana siku nzuri tatu kwa moja mbaya.

Dresa alipita kwa mtumbwi akaleta barua ya Ulaya. Sista ametafsiri kwa penseli pembeni. Dawa hawana bado. Wanatafuta. Kiti cha magurudumu hawawezi kukileta huku, wanaomba radhi. Wanasema tusikae peke yetu. Wametia picha. Ukumbi mkubwa, watu wamekaa duara, vikombe mikononi. Wengine kwenye viti vya magurudumu, wengine na fimbo. Bibi mmoja anacheka kinywa wazi.

Rehema ameiangalia picha mpaka giza. Akasema, "Huyu wa pembeni jicho lake kama langu." Tumeibandika ukutani kwa uji wa unga.

Na mimi naiangalia. Watu wale wote. Chumba kizima.

Jumatatu, 3 Juni

Mama Yona amekuja. Amekuja mapema, kabla sijafagia. Na Tumaini.

Mtoto amerefuka. Alijificha nyuma ya nyanya yake, akamwangalia Rehema kama mgeni. Rehema hakumwita. Alichukua fimbo akasimama. Akatembea. Mlangoni mpaka mkuyuni, na kurudi. Nilikuwa nahesabu moyoni. Arobaini na nne. Hakuyumba hata mara moja.

Mama Yona alikaa na uso ule ule. Si mwanamke mbaya. Naye ni mama. Akasema, "Mkwe, leo anatembea. Nimeona. Na kesho?"

Ningeweza kusema kesho atatembea. Neno lilikuwa mdomoni. Rehema alikuwa ananiangalia kama siku ile kwa Daktari.

Nikasema, "Kesho sijui, mkwe. Ugonjwa huu hauna kesho. Atatembea, atakaa, atatembea tena. Joto likimpata atakaa."



Mama Yona akashukuru kwa kuambiwa kweli. Akasema basi Yona ataoa, shamba lake linataka miguu miwili. Alisema polepole, kama mtu anayetua mzigo. Kisha akamwangalia Rehema aliyekuwa bado amesimama, fimbo kwa mikono miwili sasa. Akasema mtoto abaki mpaka Jumamosi. Na kila baada ya mavuno na kila mto ukijaa, ataletwa. Hawezi kumwambia mtoto mama yake amekufa wakati amemwona anatembea.

Sijui ningesema uongo ingekuwaje. Pengine angemchukua, na mwezi wa kwanza wa jua angemrudisha. Najiambia hivyo.

Jumatano, 5 Juni

Tumaini haogopi tena. Adhuhuri ameingia mtumbwini na mama yake. Wamekaa humo kama samaki wawili. Amemwuliza Rehema kwa nini mtumbwi hauendi. Rehema akamwambia, "Unakwenda, kwa ndani."

Jumamosi, 8 Juni

Wamemchukua. Hakulia, Rehema ndiye. Leo hakusimama. Udongo karibu na mtumbwi bado una nyayo za mtoto, nimefagia nikaziruka.

Alhamisi, 13 Juni

Barabara imekauka. Lori limekuja, Bi Zena hakuja. Dereva ameleta kifurushi cha papa na salamu zake. Shee amekuwa mbaya, hamwachi. Anasema, "Mwambie Mama Rehema mkeka asiukunje."

Nikautandika. Nikakaa. Habari ya chungu ninayo bado, nimeizoea kidogo.

Mwanamke wa Kiorma alikuwa anauza maziwa kwenye kibuyu. Alinipita mara mbili. Mara ya tatu akasimama. "Wewe Alhamisi hapa, Alhamisi hapa. Ngoja nani?"

Nikamwambia binti yangu anaumwa miguu, namngoja mwenzangu ambaye mtoto wake ni hivyo hivyo. Akafikiri. Akasema dada yake, kule kwenye ng'ombe, miguu hapana. Analala tu kibandani. Wamemchinjia mbuzi, bado.

Nikamwuliza, "Asubuhi mapema huwa na nafuu? Jua likipanda anazidiwa?"

Akanitazama. Akatua kibuyu chini polepole.

"Nani ameambia wewe?"

Nikasogea, nikampa nafasi kwenye mkeka.